Mastiki ya Mawese

Kwanza, vijana mafundi wa madirisha, muache kusema kwamba vioo vya rangi viliingia mji wetu wa Rumonge pamoja na madirisha ya aliminyo. Nimewasikia pale barabarani mkimwambia mteja: "Mama, hii ni mtindo mupya, hata wazee wetu hawakuwa nayo." Wazee wenu ni mimi. Tulikuwa navyo. Na havikuwa plastiki yenye gundi nyuma, inayojikunja kama ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, ikipigwa jua miaka miwili. Kilikuwa kioo, na rangi ilikuwa ndani ya kioo chenyewe. Ukikivunja, hata chembe yake ilikuwa na rangi ileile.

Shule niliiacha darasa la tatu. Mjukuu wangu amenisahihishia herufi, maneno ni yangu. Lakini nyumba tatu nimezijenga kwa mikono hii, na hakuna mtu wa mji huu aliyekata vioo vingi kuliko mimi. Kwa hiyo nikisema, msikilize. Na nikifika pale nilipofanya upuuzi, msikilize zaidi, maana pale ndipo nilipojifunza kazi.

Nyumba za mtaa wetu wa Waswahili zilibanana ukuta kwa ukuta. Mbele kulikuwa na salo, chumba cha wageni, yenye dirisha la barabarani, nyuma ua, na katikati vyumba ambavyo jua halikuvijua. Saa sita mchana mtu alitafuta kiatu kwa kupapasa. Ndiyo maana wajenzi waliacha tundu pana juu ya kila mlango wa ndani, ili mwanga wa salo uvuke uingie chumbani. Tundu likibaki wazi, maneno ya mume na mke yalisikika kwa wageni. Likitiwa kioo cheupe, kijana mtundu alipanda kiti akaona kitanda. Kioo cha rangi kilimaliza ugomvi: mwanga ulipita, macho hayakupita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo, sitara. Urembo ulifuata baadaye, na walioufuata ni wanawake.

Vilianzia kwa wafanyabiashara wa nguo na wa mawese, wenye uwezo wa kuagiza kreti kutoka mbali. Mmoja akitia, jirani naye hakulala vizuri mpaka atie. Mwisho hata mwalimu, hata mshonaji, alitaka kipande juu ya mlango wake. Na kila mama alikuwa na yake ya kusema.

"Fundi, chumba cha bibi harusi weka ya manjano," aliniambia mama mmoja. "Ukiweka kijani, wakwe watasema tumewapa mugonjwa."

Alikuwa na haki. Manjano inampa mtu afya. Nyekundu inapendeza asubuhi, ikifika alasiri inachosha. Na buluu, wanangu, msiiweke kamwe mahali watu wanapokula. Nilimwekea buluu bwana mmoja juu ya meza yake ya chakula. Siku ya wageni, mkewe akatenga ugali na mukeke mzuri wa kukaanga. Watu wakanawa mikono, wakatazama sahani, wakatazamana. Samaki alionekana amekufa mara mbili. Mgeni mmoja akasema tumbo linamsumbua, wa pili akasema naye pia. Kesho yake nikaitwa kukitoa.

Aliyenifundisha alikuwa fundi Sumaili, mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Ujana wake alitengeneza madirisha ya makanisa huko, kisha akavuka kuja kwetu. Nilimuuliza kwa nini aliacha kazi ya makanisa, akanijibu: "Kanisa wanajenga moja, wanakaa miaka hamsini. Milango ya vyumba wanajenga kila wiki."

Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakupiga mtu. Alisema tu. Nikiharibu kioo aliniangalia vidole, akasema: "Mikono mizuri hii. Mizuri sana kwa kung'oa mihogo." Mngekuwa nyinyi mngeondoka. Mimi nilibaki, kwa sababu nilitaka siku moja aseme mizuri akaishia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachora umbo lako kwa mkaa juu ya ubao. Unakata kila kipande cha kioo kufuata mkaa, kwa diama, ile kalamu yenye ncha ya almasi, umeichovya kwanza katika mafuta ya taa. Mstari ni mmoja, haurudiwi. Ukirudia, umeua diama na umeua kioo. Na sikio ndilo linalokata: diama ikilia kama kitambaa kinachochanika, endelea, ikisaga kama mchanga menoni, simama, umeilaza vibaya. Halafu unagonga taratibu kwa chini, na kioo kinaachana chenyewe. Vipande vinashikana kwa vijiti vya risasi, ile madini laini, vyenye mfereji huku na huku. Vijiti hivyo hatukuvinunua. Sumaili alikwenda Magara kwa wavuvi, akachukua risasi za nyavu zilizochoka, zile za kuzamisha kamba ya chini, akaziyeyusha na kuzimimina katika kalibu yake ya chuma. Viungo tulivipaka nta ya mshumaa kabla ya kuchomelea kwa bati, ili bati likimbie vizuri. Kwa hiyo vioo vingi vya mji huu vilishikwa na kitu kilichowahi kushika samaki. Jambo hilo lilimfurahisha kila alipolieleza.

Moshi wa risasi ni sumu. Sisi tuliuvuta kwa ujinga. Nyinyi msiuvute.

Wasioweza kununua kioo cha kreti tuliwakatia chupa. Matako ya chupa za bia, ya kahawia na ya kijani, yalipangwa kama sahani ndogo. Bibi mmoja, ambaye hakutaka hata neno pombe litajwe barazani kwake, alivipenda vile vya kahawia akasema vinafanana na asali. Mwaka mzima aliita watu waje kuviona, mpaka mpwa wake kutoka Bujumbura akasimama chini ya mlango, akasoma herufi zilizomo kwenye kioo, akauliza: "Shangazi, mbona umejenga bar?" Nilipandishwa ngazi siku hiyohiyo nikasugua herufi kwa jiwe mpaka bega likakataa.

Kitu cha mwisho ni mastiki. Ndiyo inayoziba pengo kati ya kioo na risasi, na kati ya risasi na mbao za fremu. Bila mastiki, kioo cha rangi ni mabaki yaliyosimama kwa bahati. Inakandwa kwa unga wa chaki na mafuta ya kitani, tuliyoyaita mafuta ya lin, yaliyokuja kwa kopo kutoka Bujumbura. Mafuta hayo yana tabia yake: yakikaa hewani yanakauka, yanakuwa magumu kama mfupa. Nilijua yanakauka. Sikujua kwamba si mafuta yote yanayokauka.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza.

Mzee Zakaria alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mwenye michikichi yake Kigwena. Alijenga nyumba pembeni ya nyumba ya muuza nguo, na mjenzi alikuwa mmoja, kwa hiyo nyumba zilifanana kama mapacha. Sumaili alipewa kazi ya zote mbili: juu ya mlango wa chumba kikubwa, maua mekundu na majani ya kijani, sawasawa huku na kule. Ya muuza nguo tuliimaliza. Ya Zakaria tulikwisha kuchomelea, ikabaki mastiki na kuipandisha. Siku hiyo zikaja habari kwamba mama yake Sumaili anaumwa, akapanda boti akavuka.

Aliniambia: "Mafuta ya lin yamekwisha. Ngoja nirudi nayo."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina ndevu, nina mchumba. Ningoje nini? Zakaria alikuwa anatarajia wageni, binti yake Sofia anapata komunyo ya kwanza, na kila asubuhi alinitania: "Fundi bila mwalimu ni nusu fundi, siyo?" Nikatazama nyumba ile. Mapipa ya mawese yalijaa ua mzima. Mafuta ni mafuta, nikasema moyoni. Nikachota bakuli, nikakanda na chaki. Ilitoka laini, rangi ya chungwa, inakubali kidole. Nikajiona nimemzidi hata Sumaili: kwa nini tuagize makopo Bujumbura na sisi tunaoga mawese hapa? Nikaziba, nikapandisha, nikafuta vidole. Zakaria akanishika mkono mbele ya watu. "Sasa wewe iko fundi kamili."

Mawese hayakauki, wanangu. Yakae mwaka, yakae miaka, hayakauki. Na joto la Rumonge mnalijua. Siku zilivyopita, mastiki ikalainika ikaanza kulia machozi mekundu ukutani. Sisimizi wakaja kwa msafara. Nilipita nikaona, nikafuta ukuta kwa kitambaa, nikaenda zangu. Siku ya komunyo yenyewe, watu wameketi salo, kioo kikateleza kikatoka kwenye fremu, kikashuka chote. Hakikuumiza mtu. Sofia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na gauni lake jeupe.

Zakaria akaniita. "Ni nini imefanyika?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Nikatoa jingine. Nikasema: "Ni risasi, mzee. Risasi za Sumaili za nyavu ni chafu. Nilimwambia."

Basi. Maneno machache. Katika mji wa watu wanaojuana, yalitosha. Muuza nguo akaogopa akakiondoa chake kabla hakijaanguka, nacho kilikuwa kizima kabisa. Waliokuwa wameagiza wakaghairi. Sumaili alirudi amemzika mama yake, ana kopo la mafuta ya lin mkononi, akakuta hana kazi. Akaenda kwa Zakaria akaokota kipande kilichobaki pembeni, akakinusa. Alikuja kwangu. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu: "Mawese?"

Akaniachia lile kopo juu ya meza, na diama yake, akavuka ziwa. Sikumwona tena. Nikapandisha ubao juu ya tundu la Zakaria, nikapaka lipu juu yake, pasionekane kitu. Na kazi za mji zikawa zangu.

Baada ya hapo mengi yalipita. Miaka ya taabu ilifika, nayo sitaieleza, wenye kuijua wanaijua. Watu walikimbia, Zakaria na watoto wake wakiwemo, wakaenda Tanzania. Matundu ya juu ya milango yalizibwa kwa matofali, kwa sababu mtu mwenye hofu hataki mwanga. Utulivu uliporudi kidogo, watu wakabandika karatasi za peremende zile zinazong'aa, na msicheke, mwanga wake ulikuwa mzuri. Kisha ikaja rangi ya kupaka juu ya kioo cheupe. Nimeipaka sana, inachunika ukiifuta kwa sabuni. Kisha aliminyo, na nyinyi. Vioo vya zamani vilivyobaki navihesabu kwa vidole.

Na mwaka jana Sofia alirudi.

Alikuja kwangu mama mtu mzima, ana mvi, na ile heshima ya Tanzania. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Amahoro? Ni amani?"

"Mimi ni Sofia wa Zakaria. Wananiambia wewe ulitengeneza vioo vya nyumba ya baba."

Nikampa kiti. Akaeleza. Baba alifia ukimbizini, karatasi zilipotea njiani. Kati ya zile nyumba pacha, moja ilibomoka zamani, sasa pale pamejengwa depo. Iliyosimama anakaa Gaspari, mwalimu mstaafu, mtu mpole, aliyeinunua kwa haki yake kutoka kwa mtu aliyemhakikishia kwamba ya Zakaria ndiyo iliyobomoka. Sofia alisema ni kinyume. Wazee waamuzi, Bashingantahe wetu, walikuwa wanasikiliza shauri, na yeye hakuwa na kitu ila kumbukumbu ya mtoto. Akikosa hapa, anarudi kupanga chumba, hana pengine.

Nikaenda kwenye kikao, ndani ya salo ileile ya nyumba iliyosimama. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hii ndiyo ya Zakaria, nakumbuka.

Mke wa Gaspari akacheka, si kwa ubaya. "Mzee, jana uliniita kwa jina la dada yangu. Leo unakumbuka nyumba pacha?"

Kiongozi wa wazee akaniuliza: "Iko alama?"

"Palikuwa na kioo cha rangi juu ya mlango ule."

"Zote mbili zilikuwa nacho," Gaspari akasema. "Kila mutu mukubwa hapa anajua. Na vyote viwili havipo tena. Alama gani hiyo?"

Alikuwa na haki. Lakini alama nyingine nilikuwa nayo. Nilitazama pale juu, lipu yangu mwenyewe, nikafunga mdomo. Kwa sababu vijana wote waliokuwa mlangoni wananiita mwalimu. Kwa sababu nimesema mara mia barazani jinsi nilivyomshinda Sumaili mwenye risasi chafu. Kikao kikaahirishwa wiki moja. Sofia alinisindikiza mpaka barabarani, akasema: "Asante kwa kujaribu, mzee." Kujaribu! Neno hilo nililala nalo wiki nzima.

Kikao cha pili nilikwenda na ngazi na nyundo.

"Kabla sijagonga," nikawaambia, "nitasema nitakachokikuta, ili msidhani nimebahatisha. Chini ya lipu kuna ubao. Nyuma ya ubao kuna fremu ya mvule. Kwenye mfereji wa fremu kuna mastiki. Ikiwa nyeupe na ngumu, hii ni nyumba ya muuza nguo, mwalimu Gaspari alale kwa amani. Ikiwa nyekundu na bado laini, ni ya Zakaria. Katika maisha yangu nimekanda mastiki ya mawese mara moja tu, kwa ujinga, na ni hapa."

Kiongozi akasema: "Lakini tumesikia siku zote ilikuwa risasi ya yule mukongomani."

"Mulisikia kwangu," nikasema. "Nilidanganya. Risasi ya Sumaili ilikuwa safi. Niliharibu mimi, nikamtwika yeye, akaondoka mji huu kwa sababu yangu."

Hapo kijana mmoja mlangoni akasema "Yoo!" na mwenzake akampiga kiwiko. Nilimsikia. Nikapanda ngazi.

Lipu ilishuka. Ubao ulishuka. Nikaingiza kidole gumba katika mfereji, na kidole kikazama. Kilitoka na mafuta mekundu, machafu kwa vumbi, yananuka kama mapipa ya ule ua. Miaka yote hiyo. Nilishuka nikamwonyesha kiongozi. Akanusa, akampa Gaspari anuse. Gaspari akamtazama Sofia akasema: "Mama, mimi nilinunua. Sikuiba."

"Najua, mwalimu," Sofia akajibu. "Na mimi sikuja kukufukuza kama tulivyofukuzwa."

Wazee waliamua nyumba ya zamani irudi kwa Sofia. Vyumba vya nyuma ambavyo Gaspari alivijenga mwenyewe vibaki vyake, na ukuta upite katikati ya ua. Hawakufurahi wote wawili kabisa, lakini walipeana mikono, na mpaka leo wanachota maji bomba moja.

Kisha Sofia akaniomba nirudishe kioo. Nikamwambia mkono wangu wa kulia unatetemeka. Akasema basi tumia wa kushoto. Chini ya kitanda changu nilikuwa na sanduku la vile vipande vyekundu na vya kijani vilivyoanguka. Nilivikusanya siku ileile nikavificha, na sikuwahi kuvikata kwa kazi nyingine. Risasi nilifuata Magara kwa wavuvi, kama Sumaili. Diama ilikuwa yake. Mafuta ya lin yaliletwa kutoka Bujumbura, nikayangoja siku kumi na moja, mikono mapajani, na Sofia alinipitishia chai wala hakunitania hata mara moja. Mastiki ya zamani niliikwangua yote, nikaosha mfereji kwa mafuta ya taa mara tatu, maana penye mawese hata mastiki nzuri haishiki. Hilo nalo mliandike.

Sasa kipo juu. Asubuhi, mlango wa salo ukiwa wazi, maua yanalala sakafuni mpaka saa nne. Ninyi mnaobandika plastiki, nendeni mkakione, Sofia hakatazi mtu. Bonyezeni mastiki kwa kidole, mtaona haikubali.

Siku nilipokipandisha, Sofia alisimama chini yake, pale aliposimama na gauni lake, akaniuliza: "Watu wakiniuliza fundi ni nani, nimtaje nani?"

"Mtaje Sumaili."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi sema ndiye aliyekiangusha."